Kufunga Pampu Kubwa Baada ya Matengenezo Bila Kuumiza Mtu Wala Pampu

Ukiwa unafungua pampu hakuna anayekupigia simu. Subiri uanze kuifunga. Meneja anauliza maji yanarudi saa ngapi, mwendesha mitambo anasema tenki la mlimani limebaki robo, bwana ugavi anataka saini yako, na diwani sijui namba yako kaipata wapi. Vidole hukatika katika saa hizo, na impela, gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu, hupachikwa kinyumenyume katika saa hizohizo. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, mkabidhi simu mtu asiye na kazi ya mikono siku hiyo, mwambie ajibu neno moja tu: "Tunafunga."

Pampu ninazozizungumzia hapa ni zile kubwa za kulala, ambazo impela yake inanyonya maji kwa pande mbili na bodi yake imegawanyika katikati, nusu ya chini imebaki kwenye msingi na nusu ya juu inanyanyuliwa. Ukizunguka hapa Dodoma, kuanzia upande wa visima vya Mzakwe na Makutupora hadi karakana za Kizota, utazikuta nyingi. Chukua mfano wa pampu yenye mota ya kW 132. Mota peke yake inakaribia tani moja, bodi ya juu ni kilo mia mbili na zaidi, na rota iliyokamilika, yaani shafti pamoja na impela na beringi zake, watu wawili hawaibebi kwa usalama. Yako ikiwa ndogo zaidi au ya muundo mwingine, utaratibu ni uleule, ila namba za nafasi na toki (nguvu ya kukazia boliti) zitoe kwenye kitabu cha pampu yako. Mimi nakupa namba za kukusaidia kujua kama unapotea.

Jambo moja nitalirudia mpaka uchoke: kila ukimaliza hatua, zungusha shafti kwa mkono. Umeingiza beringi, zungusha. Umelaza rota, zungusha. Umekaza bodi, zungusha. Ikiwa dakika tano zilizopita ilizunguka laini na sasa imekuwa nzito, chanzo ni kitu cha mwisho ulichokifanya, huhitaji mganga. Ukifunga vyote kwanza halafu uzungushe mwishoni, una sehemu kumi za kushuku na siku nzima ya kufungua tena.

Makufuli, upya

Utasema umeme ulishakatwa tangu siku ya kufungua. Ulikatwa, ndiyo. Lakini kati ya siku ile na leo bwana umeme kapima mota, zamu zimebadilishana, na kuna mtu alihitaji taa ya paneli. Anza kana kwamba ndiyo unafika kituoni. Swichi kuu ya pampu hiyo izimwe, na kila anayeweka mkono kwenye pampu aweke kufuli lake na ufunguo ukae mfukoni mwake. Mko wanne, makufuli manne. Kufuli moja la msimamizi linamlinda msimamizi.

Kubonyeza kitufe cha kuzima hakujakata umeme. Vituo vingi siku hizi vinajiwasha: maji yakishuka tenkini ishara inatumwa, kontakta, ile swichi ya sumaku, inajifunga, na tenki halijui kwamba wewe umeingiza mkono kwenye kaplingi, kile kiungo cha shafti ya mota na ya pampu. Softi stata nayo, kifaa cha kuiwasha mota taratibu, hata ikiwa imezimwa, inaweza kupitisha volti upande wa mota. Inveta, kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota, ina kapasita zinazobaki na chaji kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa. Muda wake umeandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, usubiriwe. Kisha bwana umeme apime. Ajaribu kwanza kipimo chake mahali penye umeme, apime nyaya zote tatu za mota, zenyewe kwa zenyewe na kila mmoja kwa ardhi, halafu arudi kukijaribu kipimo palepale penye umeme. Kipimo kilichokufa huonyesha sifuri kila mahali.

Umeme watu wanauogopa. Maji wanayasahau. Kila mita 10 za kimo cha maji ni karibu bar 1, hivyo tenki lililo mita 80 juu ya pampu linakuletea bar 8 mlangoni. Katika bomba la mm 300 hiyo ni nguvu ya zaidi ya tani 5 inayosukuma sahani ya valvu. Mtu akiifungua valvu ya kutolea maji wakati rota imelazwa wazi, maji yanarudi nyuma na kuzungusha impela bila umeme wowote. Na usiitegemee nonritani, ile valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Kipande cha changarawe kinatosha kuiacha wazi. Funga valvu zote mbili, ya kunyonya na ya kutolea, zungushia mnyororo kwenye usukani wake, tia kufuli. Koki ya kutolea maji chini ya bodi na koki ya hewa juu zikae wazi mpaka mwisho wa kazi. Maji yakianza kutoka hapo, unajua valvu imekudanganya, na umejua mapema.

Vumbi, matambara na gasketi ya zamani

Kuanzia Julai upepo wa Dodoma hauna adabu. Ukifungua beringi mpya mezani karibu na mlango, baada ya robo saa ina utandu mwekundu unaouona kwa tochi. Mimi hufunga milango, humwagia sakafu maji asubuhi kabla hatujaanza, na beringi haitoki kwenye karatasi yake mpaka shafti iwe imefutwa na grisi iko tayari. Kazi ya beringi naipanga asubuhi, kwa sababu mchana upepo unakuwa na nguvu zaidi.

Midomo ya mabomba iliyo wazi zibeni kwa mbao au flanji ya kuziba. Wengine huziba kwa matambara, na hapo ndipo tambara linapobaki ndani na kwenda kukaa kwenye jicho la impela, pale inaponyonyea maji. Kama huna budi kutumia kitambaa, tumia kipande cha khanga chenye rangi kali, kikubwa, na ncha yake ining'inie nje. Kihesabuni kikiingia, kihesabuni kikitoka.

Gasketi ya zamani kwenye pampu ya miaka mingi inaweza kuwa na asbesto. Usiikwangue ikiwa kavu, na hata siku moja usiiwekee grainda yenye brashi ya waya. Ilowanishe, ikwangue taratibu kwa kikwangulio bapa, mabaki yaingie kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa. Grainda pia inachimba uso wa bodi, na uso uliochimbika utakuvujisha mpaka ustaafu.

Rota

Beringi inasomeka kwenye namba yake. Ikiwa 6312, chukua tarakimu mbili za mwisho uzidishe kwa 5: tundu ni mm 60. Pima shafti kwa maikromita kabla ya kupasha chochote moto, sehemu mbili na pande mbili, maana shafti iliyowahi kuzungukiwa na beringi huwa imelika bila macho kuona.

Beringi hupashwa kwa hita ya umeme ya beringi au kwa mafuta safi yaliyopashwa moto huku kipimajoto kikiwa ndani. Moto wa gesi hapana. Ukiizidisha joto nyuzi 80 juu ya shafti, tundu la mm 60 linapanuka karibu mm 0.06, na hiyo inatosha kuteleza mpaka kwenye bega la shafti bila nyundo. Nyuzi 110 ndiyo kikomo changu. Zile zilizozibwa pande zote mbili na kujazwa grisi kiwandani zina kikomo cha chini zaidi. Vaa glavu za joto, isukume kwa mkupuo mmoja, halafu ishikilie dhidi ya bega mpaka ishike. Watu wengi huiachia mapema. Ikipoa inajivuta na kuacha upenyo begani, fila geji (kibati cha kupimia upenyo) inapita, na baada ya wiki mbili unasikia muungurumo. Kama unaingiza baridi kwa bomba la kugongea, bomba liguse ringi ya ndani tu. Ukigonga ringi ya nje, nguvu inapita kwenye gololi, na beringi hiyo umeshaiua kabla haijafanya kazi.

Beringi moja hufungwa isisogee, na nyingine huachiwa nafasi ya kusogea ndani ya hauzingi yake, yaani nyumba ya beringi, kwa sababu shafti hurefuka ikipata joto. Mara nyingi inayofungwa ni ya upande wa mbali na mota. Ukizibana zote mbili, pampu itazunguka vizuri ikiwa baridi na itajikaza ikipata joto. Grisi ijaze theluthi hadi nusu ya nafasi ya hauzingi, basi. Ikijaa pomoni inachemka. Na usichanganye grisi mbili usizozijua. Safisha ya zamani yote.

Sasa impela. Ya kunyonya pande mbili ukiitazama inafanana kulia na kushoto, na ndiyo maana hupachikwa kinyume na watu wenye akili timamu. Tazama mapanga yake: ncha za nje zinapaswa kulala nyuma ya mzunguko, zikiburuzwa na mwendo, zisichote maji kama koleo. Kisha tazama njia ya konokono ndani ya bodi: inaanza nyembamba na kupanuka kuelekea kwenye mdomo wa kutolea. Impela inazunguka kufuata upanuzi huo. Mapanga, konokono na mshale uliochorwa kwenye bodi, vyote vitatu viseme kitu kimoja. Impela ikiwa kinyume pampu itatoa maji, hilo ndilo baya lake. Itatoa kidogo, itakula ampea nyingi, na mtaanza kulaumu mota.

Wea ringi, zile pete za shaba zinazobaki baina ya impela na bodi, zipimwe nafasi yake pande zote. Zikiwa zimelika mpaka nafasi ni mara mbili ya ile ya kitabuni, badilisha. Kurudisha za zamani ni kuzungusha maji yaleyale ndani ya bodi.

Kunyanyua

Hapa naomba usome polepole.

Shika ndoo ya lita 20 wewe na mwenzako mkiwa mmesimama karibu, kisha kila mmoja arudi hatua mbili nyuma huku mnaishikilia. Uzito haukuongezeka lakini mikono inatetemeka. Slingi, mikanda au kamba za kunyanyulia, nazo hivyohivyo. Mzigo wa kilo 1,000 kwenye slingi mbili zilizosimama nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila moja inabeba kilo 577. Zikilala hadi nyuzi 45, kila moja inabeba kilo 707. Zikilala hadi nyuzi 30, kila moja inabeba kilo 1,000 nzima. Kituo chenye paa fupi kinakulazimisha kufupisha slingi, na slingi fupi ndiyo inayolala. Tumia boriti ya kunyanyulia, au sogeza ndoano. Chini ya nyuzi 45 mimi sinyanyui.

Boliti ya jicho iliyo juu ya mota ni ya kunyanyulia mota tu. Nimewahi kukuta kituo wamenyanyua mota, pampu na besi yake vyote kwa boliti mbili hizo, wakasema mbona haikukatika. Ikazwe mpaka shingo yake iguse chuma, na isivutwe kwa ubavu, kwa sababu ikivutwa kiubavu uwezo wake unashuka sana. Slingi ya mkanda iliyochanika pembeni au isiyosomeka lebo inakatwa vipande hapohapo. Ukiiweka kando, kesho kuna mtu ataiokota. Cheni bloku na gantri navyo ni vifaa vinavyotakiwa kukaguliwa, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haijasahau vituo vidogo. Ulizia cheti cha ukaguzi kabla hujaning'iniza kitu. Mwenye kituo akinuna, anune.

Mtu mmoja ndiye anayetoa ishara. Wengine wote wana ruhusa ya neno moja, "Simama!", na likitamkwa na yeyote, hata mwanafunzi wa VETA aliyefika juzi, cheni inasimama. Nyanyua sentimita tano, acha mzigo utulie, tazama kama umekaa sawa, ndipo uendelee. Hakuna mkono wala goti chini ya kitu kinachoning'inia. Ukihitaji kufuta uso wa chini wa bodi, weka magogo ya mbao chini yake, ukalishe juu ya magogo, kisha ufute.

Kulaza rota na kufunika

Kata gasketi mpya kwa unene uleule wa ile uliyoitoa, na uipime ya zamani mahali isipobanwa. Hili si pambo. Unene wa gasketi ndio unaoamua bodi ya juu itazibana vipi wea ringi. Nene kupita kiasi, ringi zinabaki zimelegea na maji yanapita pembeni. Nyembamba kupita kiasi, bodi inaziponda na rota inakwama. Shiti za unene kamili hazipatikani kila siku hapa mjini, na mara nyingi unaagiza Dar es Salaam, ipakiwe basi, uifuate stendi ya Nanenane kule Nzuguni. Ukichoka kusubiri utashawishika kuchukua iliyopo dukani. Mimi nasubiri.

Rota ikishuka, wea ringi za bodi zina ulimi mdogo au pini inayokaa kwenye mfereji wa bodi ya chini. Zizungushe kwa vidole mpaka ulimi uingie na ringi ikatae kuzunguka tena. Kisha pima umbali wa impela kutoka ukuta wa konokono, kulia na kushoto. Ilingane, na kama hailingani irekebishe kwa nati za slivu, yale mabomba mafupi yanayovaa shafti. Sasa zungusha. Anayezungusha aseme kwa sauti, "Nazungusha!", na asizungushe mpaka kila mwenye mikono karibu ajibu, "Mikono nje!" Nafasi ya wea ringi ni ndogo kuliko ukucha, na rota nzito ikianza kwenda haisimami kwa sababu umepiga kelele.

Kabla ya kushusha bodi ya juu, rudisha nyuma boliti za kusukumia, zile zilizotumika kuibandua. Zikibaki zimechomoza, bodi itakalia ncha zake badala ya gasketi. Funga stadi mbili ndefu kwenye pembe zinazotazamana ziwe reli za kuongozea, shusha taratibu, mikono ikiwa kwenye kuta za nje za bodi na si kwenye midomo yake. Doweli pini, zile za kuilenga bodi mahali pake, kwanza, boliti baadaye.

Na hapa kuna mazungumzo niliyoyasikia katika kila kituo. Bodi imeshuka, imebaki imekaa juu kidogo, upenyo wa unene wa sarafu.

"Mzee, imebaki kidogo tu. Nikianza kukaza itaingia."

"Weka spana chini, mwanangu. Inyanyue."

"Lakini mzee, maji yanasubiriwa."

"Inyanyue."

Tunanyanyua, na ulimi wa wea ringi unakuwa umekalia ukingo wa mfereji, una alama ing'aayo. Boliti zingeipasua bodi ya chuma cha kalibu au zingeipinda ringi, na hakuna cha kurekebisha hapo zaidi ya kuagiza nyingine. Bodi ya uzito wa kilo mia mbili inakaa kwa uzito wake yenyewe. Isipokaa, kuna kitu kinaizuia, na kazi yako ni kukitafuta.

Kaza kuanzia katikati kwenda nje, ukivuka upande hadi upande, kwa mizunguko mitatu: theluthi ya toki, theluthi mbili, kisha kamili. Soma kama kitabu kinasema boliti kavu au yenye mafuta, kwa sababu boliti iliyopakwa mafuta ikikazwa kwa toki ya boliti kavu inavutika kupita uwezo wake. Usirefushe toki renchi kwa bomba. Kando ya boksi la pakingi (chumba cha kamba laini zinazozuia maji yasivuje kandokando ya shafti), gasketi ikatwe sawasawa na ukingo wa chuma. Ikibaki fupi maji yatapenya hapo, ikichomoza itasukuma pakingi. Zungusha shafti. Nzito? Simama, rudi nyuma hatua moja.

Pakingi

Kata pete kwa kuizungushia pakingi kwenye shafti au kipande cha bomba la kipenyo kilekile, kwa kisu kikali. Ingiza moja moja, kila moja uisukume mpaka ikae, na maungio ya pete zinazofuatana yapishane robo duara. Ile pete yenye matundu inayogawa maji ikae chini ya tundu la maji, na ukiiweka ielemee nje kidogo ni bora, kwa kuwa pakingi ikibanwa inaisukuma ndani. Nati za gilandi, kile kifuniko kinachobana pakingi, ni za vidole tu kwa sasa. Spana itafanya kazi yake maji yakishaingia.

Usiidharau pete hiyo kwa hapa kwetu. Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari. Pale pwani hewa inaweza kusukuma maji kimo cha mita 10.3, hapa ni karibu mita 9. Pampu inayonyonya kutoka tanki la chini imepoteza zaidi ya mita moja kabla hujawasha, na boksi la pakingi likivuta hewa kidogo tu, pampu ambayo Dar es Salaam ingevumilia hapa inakataa kushika maji.

Mabomba na alaimenti

Flanji za mabomba zinapaswa kukutana na za pampu zenyewe. Boliti ziingie kwa vidole. Kama bomba limekaa pembeni, rekebisha vishikizo vya bomba. Usilivute kwa cheni bloku, utakuwa umeifunga pampu kwenye chemchemi ya chuma inayoivuta usiku na mchana. Weka geji ya saa kwenye kaplingi wakati unakaza flanji. Sindano ikisogea zaidi ya mm 0.05, bomba linaipinda pampu.

Alaimenti, yaani kunyoosha shafti ya mota na ya pampu zilingane, naifanya kwa kusogeza mota, pampu haiguswi. Anza na miguu ya mota: legeza boliti moja ya mguu huku geji iko juu ya mguu huo, ikiinuka zaidi ya mm 0.05 mguu huo unaelea, uwekee shimu (kibati cha kujazia chini ya mguu). Rudia kwa miguu yote. Mwenye haraka huruka hapa, kisha anashangaa alaimenti inabadilika kila akikaza. Shimu ziwe za chuma kisichoshika kutu, chache na nene kuliko nyingi na nyembamba. Kopo la soda si shimu. Ni laini, lina rangi, na baada ya mwezi limesagika.

Kisha geji kwenye kaplingi, shafti zote mbili zikizungushwa pamoja, usome juu, kulia, chini, kushoto. Usomaji wa juu ukijumlisha na wa chini ulingane na kulia ukijumlisha kushoto. Usipolingana, geji yako imelegea, anza upya. Kumbuka pia kwamba tofauti ya juu na chini kwenye duara ni mara mbili ya kosa halisi: ikisoma 0.20, shafti zimepishana 0.10. Kwa mota ya mizunguko 1,480 kwa dakika mimi natafuta 0.05 au chini. Mota yenye kimo cha mm 315 kutoka mguuni hadi katikati ya shafti hupanda karibu mm 0.1 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi, kwa hiyo angalia kama kitabu kinataka uiache chini kidogo ikiwa baridi.

Kuwasha

Kaplingi ikiwa bado haijaunganishwa, kii ya shafti (kipande cha chuma kinachoishika kaplingi isizunguke peke yake) imeondolewa au imefungwa isiruke, watu wote wako nyuma, makufuli yanatolewa na wenyewe, na bwana umeme anaigusisha mota umeme kwa sekunde moja. Tazama inakozunguka. Ikiwa kinyume, makufuli yarudi kwanza, ndipo abadilishe nyaya mbili kati ya tatu. Kisha makufuli tena, unganisha kaplingi, zungusha kwa mkono mara ya mwisho, funga kava ya kaplingi kwa boliti zake zote. Pampu haiwashwi bila kava, hata kwa "kujaribu tu."

Funga koki ya chini, fungua valvu ya kunyonya yote, acha hewa itoke juu mpaka maji yatoke bila kukoroma, ndipo ufunge koki ya hewa. Valvu ya kutolea iwe imefunguliwa kidogo sana. Washa, presha ikipanda ifungue polepole. Ukiifungua ghafla unapiga nyundo ya maji, mshtuko wa presha, kwenye bomba lote mpaka mlimani. Na usiiache ikizunguka valvu ikiwa imefungwa, maji ndani yanachemka.

Ampea zilinganishe na kibao cha mota. kW 132 kwenye volti 400 huwa karibu ampea 230. Joto la beringi litapanda saa ya kwanza kisha litulie. Lisipotulia, likiendelea kuelekea nyuzi 80, zima. Gilandi iache itiririke kwa dakika kumi za mwanzo, halafu kaza kila nati kidogo kidogo kwa zamu mpaka yadondoke matone 40 hadi 60 kwa dakika. Gilandi kavu si sifa, inaunguza slivu.

Joto likishatulia, zima, weka makufuli, pima alaimenti ikiwa ya moto, kagua boliti za msingi. Andika kwenye daftari la kituo nafasi za wea ringi, toki, usomaji wa geji, ampea na presha, ukutane nazo utakaporudi. Mwendesha mitambo wa zamu ya usiku muonyeshe kwa vitendo: matone yakizidi, kila nati ya gilandi robo ya mzunguko, asubiri dakika kumi, ndipo arudie kama inahitajika. Mwachie spana hiyo ikining'inia ukutani karibu na pampu. Nyingine zote ondoka nazo.